Mataruma, Ngama na Kalafati: Majibu ya Barua Zenu

Toleo lililopita niligusia neno "kuunda" kwa mistari mitatu tu, nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo kwanza nimefungua mlango. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza maneno ya mafundi wa majahazi. Nimefurahi mno. Marehemu baba alikuwa fundi wa vyombo Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na maneno haya niliyasikia kabla sijajua kusoma. Ukurasa wote wa leo ni wenu.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma chuo hapa Morogoro. Kila habari za treni ya SGR zinaposomwa redioni tunasikia "mataruma ya zege". Babu yangu wa Mafia huwa anakasirika, anasema mataruma ni ya jahazi, watu wa reli wameyachukua bila kuomba. Nani ana haki?

Marahaba, mwanangu. Babu yako ana haki, na mtangazaji naye hajakosea.

Taruma ni mti uliopinda unaokaa ndani ya chombo. Unaanzia chini karibu na mkuku, ule mti wa msingi wa chombo, unapanda na ubavu, na mbao za nje zinapigiliwa kwake. Ukiingia ndani ya jahazi ambalo halijawekewa sitaha, ile sakafu ya juu, utayaona mataruma yamejipanga kulia na kushoto kama mbavu za ng'ombe. Bila hayo, mawimbi mawili ya kwanza yangezitawanya mbao. Sasa tazama reli: vyuma viwili vinakwenda sambamba, na chini yake vipande vimelazwa kukingama ili vyuma visiachane. Kazi ni ileile ya kushika visivyojishika vyenyewe, basi neno likapanda treni.

Ila kuna jambo moja ambalo taruma la zege halitakuwa nalo, na nadhani ndilo linalomuuma babu yako. Taruma la jahazi halikunjwi kwa mashine. Linatafutwa likiwa tayari limepinda juu ya mti. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi baba aliponichukua kutafuta mataruma. Tulipita miembe mizuri iliyonyooka hata asiitupie jicho. Akasimama chini ya mwembe mmoja mkongwe, wenye tawi lililokwenda upande kisha likageuka juu ghafla. Akanyoosha mkono wake, akaukunja kiwiko taratibu mpaka mkono na tawi vikalingana, akafumba jicho moja. Kisha akarudi pwani na mkono wake ukiwa bado umekunjwa vilevile, akauweka kwenye ubavu wa chombo. Hakuwa na karatasi wala kipimo. Tawi lilikatwa kesho yake, likachongwa kwa tezo, likakaa.

Mti ukipindwa kwa nguvu nyuzi zake hukatika ndani, lakini uliopinda ukiwa hai nyuzi zake zinafuata kona. Ndiyo maana mwembe na mkoko vinapendwa kwa mataruma, na mbao za ubavuni fundi akazitafuta kwenye mvule au mbambakofi, au msaji mwenye chombo akiwa na uwezo.

Mwalimu, kwenye baraza yetu hapa Mombasa kuna bwana mmoja ashikilia kwamba Waswahili hawakujua vyombo mpaka walipofunzwa na Waarabu. Ushahidi wake ni maneno yenyewe: nahodha, rubani, usukani, jahazi, bandari. Twamjibu vipi?

Ndugu zangu wa barazani, mwambieni huyo bwana ashuke kutoka sitahani aingie chini ya chombo, kisha tuanze upya.

Maneno aliyoyataja ni kweli ya kukopa. Ila ayatazame vizuri: karibu yote ni maneno ya uongozi na safari ndefu. Tena si yote ya Kiarabu. Nahodha ni Kiajemi, "nav" ni chombo na "khuda" ni bwana. Waarabu wenyewe waliazima kwa Waajemi kama sisi. Bandari ni Kiajemi pia. Jahazi lina safari ya kupendeza zaidi: Kiarabu "jihaz" ni vifaa, hata vile anavyoandaliwa bibi harusi, Waajemi na Wahindi wakalifanya "jahaz" liwe merikebu, na kwa maana hiyo ndivyo lilivyotufikia. Usukani na rubani, hayo nampa, ni ya Kiarabu, "sukkan" na "rubban". Kama kukopa neno ni dalili ya ujinga, basi na Waarabu walikuwa hawajui bahari mpaka walipokutana na Waajemi, na huyo bwana hatalikubali hilo.

Sasa aje chini. Mti wa kwanza kulazwa mchangani, unaobeba chombo kizima, unaitwa mkuku, na wengine wanauita utako. Utako umetoka wapi? Ni tako, kile unachokalia. Chombo kimepewa mwili wa mtu. Hapo hakuna Mwarabu.

Kitendo chenyewe cha kujenga chombo ni kuunda. Wazee hawakusema "kutengeneza jahazi" wala "kujenga jahazi". Nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, mkeka husukwa, chombo huundwa. Siku hizi tunaunda serikali, tunaunda tume, tunaunda vikundi vya kuweka na kukopa, na kila mara tunapotamka hivyo tunatumia neno lililonukia vumbi la mbao. Kiunzi ni mtoto wake: lile umbo tupu la miti kabla halijavikwa mbao. Leo wanariadha wanaruka viunzi.

Tanga ni letu. Kafi la kupigia maji ni letu, na la zamani sana: Waganda husema "enkasi", na huko ni mbali na bahari yoyote ya chumvi. Chombo kinapokwenda kinyume cha upepo, kikikata huku na kule mpaka kifike, tunasema kinabisha. Mtu anayekataa maneno ya mwenzake naye anabisha. Nani alilipeleka neno kutoka wapi kwenda wapi sijali sana. Ninachojua ni kwamba anayesema chombo "kinabisha" ameuona upepo kama mtu wa kushindana naye kwa hoja.

Na hapa ndipo ningependa mumbane. Neno msumari tumelikopa, ni "mismar" ya Kiarabu. Neno kushona hatukulikopa. Vyombo vya kale vya pwani hii vilishonwa. Mtepe haukuwa na msumari hata mmoja katika mwili wake: mbao zilitobolewa kwa keekee, zikashonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na tanga lake lilikuwa la mraba, la ukili uliosukwa kama mkeka. Kuna kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, Periplus, kinachotaja mji wa biashara kwenye pwani yetu ulioitwa Rhapta. Mwandishi anaeleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwapo hapo, kwani kwa Kigiriki "rhapta" ni vilivyoshonwa. Mgeni alifika, akaona vyombo vimeshonwa, mji mzima akauita kwa ule mshono. Na hiyo ni miaka mingi kabla ya Uislamu.

Kushona chombo kulikuwa desturi ya bahari yote hii, Uarabuni na Bara Hindi pia. Sisemi ni ujuzi wetu peke yetu. Nasema tulikuwa ndani ya kazi pamoja na wengine, na tulikuwa na neno letu la kuiitia.

Assalaam alaykum Mwalimu. Nawaandikia kutoka Muscat, nilizaliwa Unguja. Hapa wazee wa Ghuba humwita fundi wa vyombo "gallaf". Nikakumbuka Malindi kwetu, Unguja, mafundi wakisema "kalafati". Ni neno moja? Na deheni ni nini hasa? Nalikumbuka kwa harufu tu.

Wa alaykum salaam. Ni nduguye wa karibu kabisa. Kiarabu kina "qalafa" na "qalfata", kuziba nyufa za chombo, na kwa watu wa Ghuba huyo mzibaji ndiye aliyekuja kuwa jina la fundi mzima. Lakini neno hili halikuishia kwao. Waturuki wanasema "kalafat", Wareno "calafate", Waitaliano "calafato", na Wagiriki wa Constantinople walikuwa nalo zamani: mfalme wao Michael V, aliyetawala mwaka 1041 hadi 1042, aliitwa kwa lakabu Kalaphates kwa sababu baba yake alikuwa mziba nyufa za meli. Wanazuoni wanavutana kama chanzo ni Kigiriki au Kiarabu. Mimi linanigusa hili tu, kwamba mtoto wa Bweni na mtoto wa Constantinople wangeweza kuulizwa "baba anafanya kazi gani?" wakajibu kwa neno moja.

Kalafati ni pamba. Baba aliisokota juu ya paja kama wanavyosokota utambi, akaichovya kwenye mafuta ya nazi, akaipanga kwenye ufa kati ya ubao na ubao, kisha akaishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Alikuwa anafanya kazi kwa sikio. Pamba ikiwa bado haijashiba, nyundo inatoa mlio wa kufa, kama ukipiga gunia. Ikishiba, mlio unapanda, ubao wenyewe unaanza kuitika. Siku moja aliniachia kipande cha urefu wa mkono, upande wa tezi, nyuma ya chombo. Nilijitahidi sana, nikamwita. Akagonga mara moja tu, akachukua msumari uliopinda, akaivuta nje pamba yangu yote mpaka mwisho, akanirudishia nyundo. Hakusema neno. Mara ya tatu ndiyo alipita bila kusimama, nikajua imekubali.

Deheni inakuja baada ya hapo, na ndiyo harufu unayoikumbuka. Asili yake ni Kiarabu, "duhn", mafuta. Ni shahamu iliyoyeyushwa ikachanganywa na chokaa, ikapakwa kwa mkono sehemu yote inayokaa majini, mpaka chini ya chombo kukawa kweupe. Adui ni yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao na kuishi humo. Ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje, ukiubonyeza kidole kinaingia. Kwa hiyo maji yakipwa chombo kinaegemezwa, wanawasha makuti makavu, wanapitisha ndimi za moto chini yake kumwua mdudu na kukausha ubao, ndipo wanapaka deheni mpya. Juu ya mstari wa maji hawapaki deheni, huko wanapaka sifa, mafuta ya papa. Kama harufu yako ni ya kukufanya ugeuze uso, hiyo si deheni, ni sifa.

Mwanangu Mwalimu, mimi ni bibi wa Wete, Pemba. Mjukuu wangu amerudi skuli na daftari limeandikwa kuwa katika "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani", Ngamani ni jina la kijiji. Nimebishana naye mpaka kalia. Niandikie nimwoneshe.

Shikamoo bibi. Mwoneshe hii, na umpe pole kwa machozi.

Ngamani si kijiji. Ni "ngama" na "-ni" ya mahali, kama nyumbani au shambani. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Ngama ni pale chini kabisa ndani, katikati, ambapo maji yote yanayopenya yanakusanyika. Chombo cha mbao hakikosi kupenya maji, hata kikiwa kimetiwa kalafati na fundi hodari. Kwa hiyo baharia anaweza kwenda omo kutazama tanga, akaenda tezi kuzungumza na mshika usukani, lakini lazima arudi ngamani na kata yake, ainame afue maji. Asiporudi, hakutakuwa na omo wala tezi ya kuendea.

Ndiyo sababu methali inaambiwa mtu anayezunguka huku na huko: utarudi kwenu. Watu wengi wanaichukua kama maneno ya kumtisha mtoro. Mimi sikuisikia hivyo kwetu. Ngama si mahali pazuri, pana giza na maji machafu, na ndipo kazi inayokiweka chombo juu ya maji inapofanyika. Bibi, ukipata nafasi mpeleke mjukuu wako pwani, mwombe nahodha yeyote amruhusu aingie ndani ya mashua, aiguse ngama kwa mkono wake. Atakwenda kumweleza mwalimu wake mwenyewe, kwa adabu.

Mwalimu, hapa Lindi tunasema Demani kwa majira, baada ya upepo wa Kusi kuchoka. Lakini mjomba wangu mvuvi anaita kamba ya tanga demani. Moja kati ya hayo si limekosewa?

Yote mawili ni sahihi. Demani ni kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga, na pia upande ule ambao upepo unaelekea. Mwenzake ni joshi, kamba ya pembe ya mbele, na upande upepo unakotoka. Nahodha akipiga kelele "joshi!" mabaharia wanajua waende upande gani bila kuuliza. Kwa Kiajemi "daman" ni pindo la nguo, na tanga nalo lina pindo. Mabaharia wa Kiarabu walilitumia kwa kamba hiyohiyo, tena wakawa na jina la namna hiyo kwa mwisho wa msimu wa Kusi, ndiyo Demani yetu ya Agosti hadi Novemba. Bahari inapotulia ni wakati wa kusafiri, na watu wa pwani wakaugawa mwaka wao kwa maneno ya tanga. Hata kile kipindi cha kati, pepo zinapobadilika na chombo kinaweza kwenda huku au kule, kinaitwa tanga mbili.

Mwambie mjomba anishikie demani siku nikija Lindi.

Mashua imetokana na kushua, maana kila mashua hushuliwa majini. Niko sawa? Mvuvi, Kilwa Masoko.

Inapendeza, nami niliiamini kwa miaka. Lakini Wagujarati na watu wa pwani ya Konkan wana chombo chao kidogo cha kuvulia, "machhvo" au "machwa", na ndani yake mna neno lao la samaki. Mashua imetoka huko. Kushua ni neno jingine, la kuteremsha chombo majini, na likae na heshima yake. Siku ya kushua kijiji kizima kinavuta kamba, watoto wanakimbia kusogeza magogo mbele, na ubwabwa uko jikoni tangu alfajiri. Ukifika Nungwi, au Matondoni kule Lamu, wakati jahazi linashuliwa, ahirisha mambo yako ya siku hiyo.

Fundi wangu hapa Bukoba anasema "parafujo". Je, ni Kiswahili?

Ni Kiswahili, kilichoachwa na Wareno: "parafuso". Roda, lile gurudumu la kupitishia kamba, ni lao pia, na bomba. Walikaa pwani karne mbili, wakatuachia vitu vya kukaza na kuvuta.

Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu, Nairobi. Likizo hii tunakwenda Lamu. Watoto wanataka kuona mtepe. Bado upo?

Mtepe wa kusafiri haupo tena, mama. Uliondoka baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini nenda Makumbusho ya Lamu, pale pale ukingoni mwa bahari, uulize mfano wa mtepe. Watoto wataangalia tanga la mkeka kwanza, kila mtoto hufanya hivyo. Waache. Kisha wainamishe vichwa watazame ubavu, mahali ubao unapokutana na ubao, wazihesabu kamba zinavyoingia tundu hili na kutokea lile. Kesho yake pandeni mashua mwende Matondoni, mtafute chombo ambacho hakijafungwa sitaha, na umwombe fundi awaoneshe mkuku, mataruma na ngama, kwa mpangilio huo, kutoka chini kwenda juu na kurudi chini. Mchukulie tende au kahawa. Na watoto wavue viatu kabla ya kuingia, misumari mipya na vibanzi viko kila mahali lakini chombo cha mtu hakikanyagwi kwa viatu.